Je, Neno Lina Mwenyewe?

Katika vijiji vyetu hakuna asiyejua kwamba ng'ombe ana mwenyewe, na shamba lina mwenyewe, na mnazi, hata ukiota kando ya njia, una mwenyewe. Mtu akiangua nazi za mwenzake usiku, hatuliiti jambo lile werevu. Twaliita kwa jina lake. Lakini je, neno lina mwenyewe? Mtu akisikia wazo jema kwa mwenzake, akaenda nalo baraza nyingine akalisema kama kwamba limezaliwa kichwani mwake, ameiba au hakuiba?

Swali hili twalileta mbele yenu kwa sababu vijana wetu wengi wanakwenda vyuo vikuu, na huko hawaulizwi tu, "Unajua nini?" bali huulizwa pia, "Umejuaje?" Na kanuni za kulijibu swali hilo la pili ni nyingi. Mwalimu huyu ataka jina na mwaka, yule ataka jina na ukurasa, wa tatu ataka namba tu. Kijana huona taabu, akafikiri kwamba ni mchezo wa nukta na mikato uliobuniwa ili kumtesa. Basi na tupime: jambo hili ni adabu ya kalamu tu, au ni haki? Na kama ni haki, yatupasa kuchagua kanuni ipi, na kuitumia jinsi gani?

Wako watu wasemao, "Neno si kama ng'ombe. Ukimchukua ng'ombe wangu, zizi langu limepungua. Ukilichukua neno langu, mimi ningali ninalo. Basi wizi uko wapi?" Hoja hii ina nguvu, wala hatuwezi kuipuuza. Ni kweli, neno halipungui kwa kuchukuliwa. Moto huwasha moto mwingine wala wa kwanza hauzimiki. Na kwa sababu hiyo hapana mwenye hekima akatazaye watu wasichukue maneno mema. Elimu yote ya ulimwengu imekua kwa kuazimana. Lakini hebu tazameni: kwa kuwa mwenye neno ametupa bure, ametudai kitu kimoja tu, nacho ni kutajwa. Ni deni dogo kuliko madeni yote. Wazee husema, dawa ya deni ni kulipa. Na mtu ashindwaye kulipa deni la jina moja, tumwamini kwa deni gani?

Tena deni hili si la mwenye neno peke yake. Sisi twaona kwamba aandikaye ana wadai watatu. Wa kwanza ni huyo aliyemfundisha. Wa pili ni msomaji. Wa tatu ni kweli yenyewe.

Msomaji anadai nini? Anadai njia. Mtu apitaye msituni mara ya kwanza huchanja miti kwa panga, ili ajaye nyuma asipotee, na ili yeye mwenyewe aweze kurudi. Kutaja kitabu na ukurasa ni kuchanja miti. Mwandishi humwambia msomaji, "Mimi nilipita hapa, ukiwa na shaka, pita wewe nawe uone." Twasoma katika Matendo ya Mitume, sura ya 17, habari za watu wa Beroya, jinsi walivyosifiwa kwa kuwa waliyachunguza maandiko kila siku waone kama waliyoambiwa ndivyo yalivyo. Hawakulaumiwa kwa kumhakikisha Paulo! Basi mwandishi asiyetaja alikotoa habari zake amewanyima wasomaji wake sifa ya watu wa Beroya. Ataka wamwamini tu.

Na hapo tulipoandika "sura ya 17" tumekwisha kutumia kanuni ambayo kila msomaji wetu anaijua tangu utoto. Kanuni hiyo haikushuka kutoka mbinguni pamoja na maandiko. Mgawanyo wa sura tunaoutumia huhesabiwa kuwa kazi ya Stephen Langton, aliyekuwa mwalimu Paris, kisha askofu mkuu wa Canterbury, akafa mwaka 1228. Aya zenye namba katika Agano Jipya zilitiwa na Robert Estienne, mpiga chapa Mfaransa, katika kitabu alichokitoa Geneva mwaka 1551. Kabla ya hapo mtu alipotaka kutaja neno la maandiko alisema tu, "Nabii asema," au "Imeandikwa mahali fulani," na msikilizaji akatafute. Tazameni faida yake sasa. Mwenye kitabu cha herufi kubwa na mwenye kitabu cha herufi ndogo, ingawa kurasa zao hazilingani, huufikia mstari ule ule kwa mara moja. Lakini hata hapo namba peke yake haitoshi, yafaa kutaja na tafsiri. Kwa maana Biblia ya Karl Roehl iliyotoka mwaka 1937 na ile ya Union iliyotoka mwaka 1952 zina aya zile zile, ila maneno yake si yale yale.

Sasa na tutazame kanuni za vyuo vikuu. Kwa mfano tu, mtu ataka kutaja ukurasa wa 10 wa kitabu cha Shaaban Robert kiitwacho Kusadikika, kilichochapishwa London na Nelson mwaka 1951. Akifuata kanuni ya jina na mwaka, ataandika katika mabano ndani ya habari yake: Robert, 1951, uk. 10. Akifuata kanuni ya wasomi wa lugha wa Marekani, waitwao MLA, ataandika: Robert 10, wala hatataja mwaka hapo. Akifuata ile ya Vancouver, ataandika namba 1 tu, na mwishoni msomaji ataikuta namba 1 na habari zote za kitabu. Akifuata kanuni ya Chicago ya maandishi ya chini, atatia namba ndogo juu ya mstari, kisha chini ya ukurasa ataandika jina kamili, jina la kitabu, mpiga chapa, mwaka na ukurasa.

Kanuni hizi hazikuzaliwa ovyo. Kila moja ilizaliwa na haja ya kazi yake. Ile ya jina na mwaka yahesabiwa kuanza na Edward Laurens Mark, mwalimu wa elimu ya wanyama huko Harvard, ambaye mwaka 1881 alitoa maandishi juu ya koa, yaani yule mnyama afananaye na konokono asiye na kombe, akaweka majina na miaka katika mabano. Kwa nini mwaka? Kwa sababu katika elimu ya viumbe na dawa na tabia za watu, habari ya mwaka huu yaweza kuivunja ya mwaka jana. Msomaji ataka kujua upesi kama neno ni bichi au limechakaa. Wataalamu wa elimu ya nafsi wa Marekani, APA, waliifuata njia hiyo. Maagizo yao ya kwanza, yaliyotoka mwaka 1929, yalikuwa kurasa 7 tu. Kitabu chao cha mwaka 2019 kina kurasa zaidi ya 400.

Wasomi wa mashairi na hadithi hawana haraka ya mwaka. Utenzi haushindwi na utenzi mpya kama dawa ishindwavyo na dawa mpya. Wao wataka maneno yenyewe, na mahali yalipo. Ndiyo maana hutaja jina na ukurasa. Wahariri wa majarida ya madaktari walikutana Vancouver, nchi ya Kanada, mwaka 1978, wakapatana juu ya namba, kwa kuwa makala moja ya udaktari yaweza kutaja maandishi mengi mno, na majina yote yangekata maneno vipande vipande. Nao wenye kuandika mambo ya kale hupenda maandishi ya chini ya ukurasa, kwa kuwa mashahidi wao si vitabu tu, bali barua, hati za mashauri, na daftari za forodha. Na shahidi wa namna hiyo ataka kuelezwa, wala si kutajwa tu. Chuo cha Chicago kilitoa kitabu chake cha kanuni mara ya kwanza mwaka 1906. Toleo la 18, la mwaka 2024, lina kurasa zaidi ya 1,000.

Basi ipi iliyo bora? Twajibu kwa mfano wa sokoni. Pishi ni kipimo, na kibaba ni kipimo. Hapana dhambi kupima kwa pishi, wala kwa kibaba. Dhambi ni kununua kwa kipimo kikubwa na kuuza kwa kidogo, au kubadili kipimo katikati ya gunia. Vivyo hivyo kanuni: chagua ile iliyo desturi ya wale utakaowauzia, yaani chuo chako au jarida lako, kama hawakukuagiza, chagua ile ifaayo kazi yako, kwa sababu zile tulizozitaja. Ukikwisha kuchagua, shika hiyo hiyo tangu mwanzo hata mwisho. Msomaji aionaye karatasi yenye jina na mwaka hapa, na namba pale, na mahali pengine pasipo kitu, huanza kuwa na shaka. Hujiuliza, "Asiyeweza kuangalia nukta zake, aliangaliaje hesabu zake?" Na shaka hiyo si ya uonevu.

Hata hivyo hatutaki kusema kwamba kanuni hizi zote ni sawa na maji safi yasiyo na rangi. Kila chombo kina umbo la mfinyanzi wake, na hizi zilifinyangwa mbali na kwetu. Angalieni ule mfano wetu wa Kusadikika. Katika orodha za marejeo, mwandishi yule huandikwa "Robert, Shaaban", kwa kuwa kanuni yataka jina la ukoo litangulie. Lakini Robert ni jina la baba yake. Kwetu mtu huitwa kwa jina lake, na la baba hufuata kuonyesha ni mwana wa nani. Hivyo kwa orodha za ulimwengu anayetajwa kwanza ni baba, ambaye hakuandika kitabu kile. Jambo hili ni dogo, na msomaji huzoea; lakini lafunza kwamba kuifuata kanuni kwa mkono si sawa na kuifuata kwa akili. Kwa mataifa mengine, ambayo nayo hayana jina la ukoo, kitabu cha Chicago chenyewe huacha jina lipangwe kama lisemwavyo. Basi kanuni yaweza kujifunza.

Jambo kubwa zaidi ni la wale ambao maneno yao hayakuchapwa. Mwaka 1903 kilitoka Göttingen, nchi ya Udachi, kitabu cha Kiswahili kiitwacho Desturi za Wasuaheli. Jalada lilichukua jina la Carl Velten kuwa ndiye mkusanyaji. Lakini sehemu kubwa ya habari zile ilitoka kwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa upande wa Bagamoyo, aliyekwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Ilikuwa mwaka 1981, katika tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen, ndipo jina la Mtoro lilipotiwa katika anwani ya kitabu. Hesabuni, ni miaka 78. Muda huo wote mwanafunzi aliyefuata jalada, akaandika "Velten, 1903", hakuvunja sheria yoyote, nukta zake zilikuwa mahali pake, na hata hivyo aliyesema hakutajwa. Hapa twaona wazi kwamba kuna kutaja kwa sheria na kuna kutaja kwa haki. Vizuri viwili hivi viende pamoja, visipokwenda pamoja, mwandishi mwema huongeza neno moja, akasema, "Habari hizi ni za Mtoro bin Mwinyi Bakari, katika kitabu cha Velten."

Na wazee wetu je, ambao hata katika kitabu cha mwingine hawamo? Kijana huja kijijini, huketi na bibi ajuaye mizizi na majani, au na mzee ajuaye mipaka ya koo, huandika siku tatu, hurudi chuoni. Kanuni ya APA humruhusu kumtaja mzee yule ndani ya habari yake kama mtu aliyezungumza naye, lakini haimtii katika orodha ya mwisho, kwa sababu msomaji hawezi kuyarudia mazungumzo yale kama arudiavyo kitabu. Sababu hiyo si mbaya; ni ile ile ya miti iliyochanjwa. Lakini matokeo yake ni kwamba orodha hujaa watu waliosoma vitabu juu ya kijiji, na mwenye kijiji hayumo. Mwaka 2021 mkutubi mmoja wa Kanada, Lorisia MacLeod, ambaye ni wa taifa la Cree, alitoa mifano ya kuwataja wazee katika orodha pamoja na wenye vitabu: jina lake, taifa lake, mahali akaapo, jambo alilolieleza, na tarehe. Sisi twaona njia hiyo ni njema, na yafaa kwetu. Ila kabla ya kumtaja mzee, sharti umwulize kama apenda kutajwa, na kama neno alilokupa ni la watu wote au ni la nyumbani. Kwa maana kumtaja mtu kwa asichokubali ni kumvua nguo, si kumheshimu.

Mdai wa tatu, tulisema, ni kweli yenyewe. Katika baraza ya shauri mzee humwuliza shahidi, "Uliona, au uliambiwa?" Na shahidi aliyeambiwa, akisema "Niliona," ushahidi wake wote huharibika, hata ule uliokuwa kweli. Katika karatasi za elimu kosa hili ni jepesi sana kutendeka. Mtu husoma kitabu cha pili, ambamo kitabu cha kwanza kimetajwa. Naye huandika cha kwanza kama kwamba alikishika mkononi. Akifanya hivyo, kama mwandishi wa pili alikosea, kosa lake huzaa watoto na wajukuu, na kila mmoja huonekana shahidi mpya. Kila kanuni tuliyoitaja inayo njia ya kusema kwa unyofu, "Nimelipata neno hili la fulani katika kitabu cha fulani." Ni maneno machache tu, nayo huokoa kizazi kizima.

Tena siku hizi zimekuja mashine zenye kuandika, na baadhi ya vijana huziomba ziwapangie marejeo. Kupanga nukta na mikato kwa mashine si kosa, kama vile si kosa kusaga kwa kinu cha injini. Lakini mashine hizo huweza kutunga jina la mwandishi, na jina la kitabu, na mwaka, vyote vikipendeza, na kitabu hakipo duniani. Mwaka 2023 huko New York mawakili walipeleka barazani hoja zenye kesi zilizotungwa na mashine iitwayo ChatGPT. Jaji alipozitafuta hazikuwapo, nao wakatozwa faini ya dola 5,000. Asiyetaja mwenye neno amemficha mtu aliye hai. Lakini amtajaye asiyekuwapo amemleta barazani shahidi asiyezaliwa. La pili ni baya kuliko la kwanza. Basi usitaje kitabu ambacho wewe mwenyewe hukukifungua.

Hapo mtu atasema, "Kama ni hivyo, nitataja kila kitu, niwe salama." Hapana ndugu, wala hiyo si dawa. Kwamba jua hutoka mashariki hakuhitaji shahidi. Karatasi yenye majina ishirini katika kila aya, na wazo la mwandishi halimo hata moja, ni ya mtu aliyevaa nguo za wenzake zote pamoja. Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Twataja wengine ili ionekane wao wanaishia wapi na sisi twaanzia wapi. Paulo, alipowaandikia Wakorintho barua ya kwanza, sura ya 7, alipambanua waziwazi neno lililo la Bwana na neno lililo shauri lake mwenyewe, wala hakuona haya kusema, "Hili ni langu." Na mwandishi wetu asione haya. Mpaka ukiwa wazi, shamba la jirani ni salama, na lako pia laonekana.

Basi, ndugu wazazi, mtoto wenu akirudi likizoni akilalamika juu ya nukta na mabano, msimcheke wala msimwonee huruma kupita kiasi. Mwambieni aandike jina na ukurasa siku ile ile anaposoma, wala asingoje mwisho. Kwa maana deni lisiloandikwa husahauliwa hata na mtu mwaminifu. Mwambieni achague kipimo kimoja na kukishika. Nanyi msio na karatasi za kuandika, jambo hili ni lenu vilevile. Katika baraza, mkisema neno la busara mlilopewa na mwingine, semeni, "Neno hili nililipata kwa mama fulani," au "kwa fundi fulani wa ng'ambo ya mto." Watoto wanawasikiliza. Aliyezoea kusikia mwenye neno akitajwa nyumbani, hatahitaji kitabu cha kurasa 1,000 ili ajue kwamba neno lina mwenyewe.